Masomo ya ubaharia katika vyuo vya umma

Masomo ya ubaharia ni mafunzo yanayomwandaa mtu kufanya kazi ndani ya meli za biashara, iwe katika chumba cha usukani, chumba cha injini au kwenye sitaha. Katika Afrika ya Mashariki masomo hayo hutolewa hasa na vyuo vya umma. Vinavyojulikana zaidi ni Chuo cha Bahari Dar es Salaam (DMI) nchini Tanzania na chuo cha Bandari Maritime Academy (BMA) kilichopo Mombasa, Kenya.

Chuo cha ubaharia hutofautiana na vyuo vingine kwa jambo moja kubwa. Mwanafunzi wa ualimu au uhasibu akifaulu mitihani yake amemaliza. Mwanafunzi wa ubaharia akifaulu mitihani yote bado si ofisa wa meli, kwa kuwa sheria inamtaka pia awe amekaa baharini kwa miezi iliyowekwa, chini ya usimamizi, akiwa na daftari la kuthibitisha aliyoyafanya. Anayefikiria kujiunga na chuo cha aina hii anapaswa kulielewa jambo hili kabla ya kulipa ada.

Historia

Pwani ya Waswahili imekuwa na manahodha kwa karne nyingi kabla ya kuwa na chuo. Elimu ya pepo za kusi na kaskazi, ya nyota, ya mikondo na ya maji ya bamvua ilirithishwa chomboni, kijana akianza na kuchota maji ya ngama na kupika, kisha akapanda ngazi hadi kushika usukani. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 alipewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Baadhi ya vitabu humtaja rubani huyo kuwa Ahmad ibn Majid, mwandishi mashuhuri wa elimu ya bahari kutoka Uarabuni, lakini wanahistoria wengi wa leo hawakubaliani na habari hiyo.

Meli za mvuke na baadaye za dizeli zilihitaji elimu ya namna nyingine. Uingereza ilikuwa na meli za shule kama HMS Conway kuanzia 1859, na jijini New York shule ya umma ya ubaharia ilianzishwa mwaka 1874 ndani ya meli ya St. Mary's. Shule hiyo bado ipo. Sasa ni chuo cha Chuo Kikuu cha Jimbo la New York, katika ngome ya zamani ya Fort Schuyler.

Baada ya uhuru, nchi za Afrika ya Mashariki zilitaka meli zao zenyewe. Shirika la meli la pamoja la Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia lilianzishwa mwaka 1966, na mwaka uliofuata Tanzania na China ziliunda kampuni yao ya pamoja ya meli, Sinotaship. Meli zilipokuwepo, mabaharia walihitajika. Mwaka 1978 kilianzishwa kitengo cha mafunzo ya ubaharia Dar es Salaam kwa msaada wa Norwei, na sheria ya Bunge namba 22 ya mwaka 1991 ikakigeuza kuwa chuo kamili, DMI. Huko Mombasa, chuo cha Bandari kilikuwa sehemu ya Mamlaka ya Bandari za Kenya kwa miaka mingi, hadi mwaka 2018 kilipofanywa kuwa shirika la umma linalojitegemea.

Shirika la meli la pamoja halikudumu. Vyuo vilibaki, meli za kuwapokea wanafunzi zikapungua. Sehemu kubwa ya matatizo yanayoelezwa hapa chini yanatokana na hali hiyo.

Mkataba wa STCW

Zamani kila nchi ilijiwekea viwango vyake vya kumtambua nahodha. Tarehe 18 Machi 1967 meli ya mafuta Torrey Canyon ilipanda mwamba karibu na visiwa vya Scilly, Uingereza, ikiwa na tani zipatazo 120,000 za mafuta ghafi. Ajali hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu za mataifa kukaa pamoja kupitia Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) na kuandika mkataba wa viwango vya mafunzo, utoaji wa vyeti na ulinzi wa zamu kwa mabaharia, unaojulikana duniani kote kwa kifupi STCW. Mkataba ulipitishwa 1978, ukaanza kutumika 1984, ukafanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1995, na tena jijini Manila mwaka 2010.

Marekebisho ya 1995 ndiyo yaliyoleta kile kinachoitwa orodha nyeupe. Nchi haiwezi tena kujisifu tu kwamba inafundisha vizuri; ni lazima ithibitishe kwa IMO kuwa vyuo vyake, mitihani yake na vyeti vyake vinafuata mkataba. Kenya iliingia katika orodha hiyo mwaka 2010. Maana yake kwa mwanafunzi ni ya moja kwa moja. Meli nyingi kubwa hupeperusha bendera za nchi kama Panama, Liberia au Visiwa vya Marshall, na nchi hizo zina uhuru wa kukikataa cheti kinachotoka katika nchi isiyotambuliwa.

Wanaosimamia utekelezaji si vyuo vyenyewe. Tanzania Bara kazi hiyo ni ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017. Zanzibar ina Mamlaka ya Usafiri Baharini (ZMA), na Kenya ina Mamlaka ya Bahari (KMA). Chuo hufundisha na kutoa stashahada au shahada. Mamlaka hutahini na kutoa cheti cha umahiri. Ni karatasi mbili tofauti, na wazazi wengi huzichanganya.

Ikumbukwe kwamba STCW inahusu meli zinazokwenda baharini. Vyombo vinavyofanya kazi kwenye maziwa tu, kama Viktoria, Tanganyika na Nyasa, vinaongozwa na sheria za nchi husika.

Kujiunga

Kwa kawaida mwombaji awe amemaliza kidato cha nne au cha sita na kufaulu hisabati, fizikia na Kiingereza. Nchini Tanzania masomo hupangwa kwa ngazi za elimu ya ufundi: ngazi ya 4 hadi 6 kwa cheti na stashahada, ya 7 na 8 kwa shahada. Kozi kuu ni mbili. Ya kwanza ni uongozaji wa meli, ambayo humpeleka mtu kuwa ofisa wa zamu na hatimaye nahodha. Ya pili ni uhandisi wa meli, ambayo humpeleka kuwa injinia mkuu. Vyuo hivi pia hufundisha usimamizi wa usafirishaji, uwakala na shughuli za bandari, lakini wanaosoma hayo hufanya kazi nchi kavu na hawabanwi na masharti ya muda wa baharini.

Kabla ya ada, macho. Mkataba unamtaka kila baharia awe na cheti cha afya, ambacho hudumu miaka 2 isipokuwa kwa walio chini ya umri wa miaka 18, ambao wao ni mwaka 1. Kwa anayetaka kuongoza meli, kipimo kigumu ni cha kutofautisha rangi. Usiku meli huonekana kwa taa zake tu: nyekundu upande wa kushoto, kijani upande wa kulia, nyeupe mlingotini na nyuma. Asiyeweza kutenganisha nyekundu na kijani hawezi kujua meli iliyo mbele yake inaelekea wapi, na hakuna kozi ya kumsaidia. Ni busara kijana apimwe hospitali kabla ya kujaza fomu, kwa kuwa upofu wa rangi huwapata zaidi wavulana na wengi wao hawajui kuwa wanao.

Yanayofundishwa

Kila anayepanda melini, hata mpishi, huanza na mafunzo ya msingi ya usalama: kujiokoa majini, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama binafsi pamoja na mahusiano kazini. Siku hizi huongezwa uelewa wa ulinzi dhidi ya maharamia na wahalifu wengine. Sehemu ya majini hufanywa kwa vitendo. Mwanafunzi huruka majini kutoka juu akiwa amevaa jaketi la kujiokolea, huogelea nalo, huelea bila hilo jaketi, na hukipindua chelezo cha uokoaji kilichogeuka juu chini kwa kusimama ukingoni na kuuvuta mkanda wake kwa uzito wa mwili. Wapo vijana waliokulia ufukweni wanaodhani somo hili ni mchezo, hadi chelezo kinapowaangukia. Ujuzi wa kujiokoa na wa kuzima moto huthibitishwa upya kila baada ya miaka 5.

Wanafunzi wa uongozaji husoma hisabati nyingi. Maili ya baharini ni mita 1,852, na haikuchaguliwa ovyo: inakaribiana na dakika moja ya latitudo. Duara lina nyuzi 360 na kila nyuzi ina dakika 60, hivyo mzunguko wa dunia ni maili 21,600. Zidisha kwa kilomita 1.852 upate kilomita 40,003, ambazo ndizo zilizomo katika vitabu vya jiografia. Njia fupi kati ya bandari mbili za mbali si mstari ulionyooka kwenye ramani bali ni kipande cha duara kuu, na kuitafuta kunahitaji pembetatu za juu ya tufe. Mwalimu wa hisabati anayeulizwa darasani kuwa saini na kosaini zitamsaidia nani, jibu mojawapo ni hili.

Mbali na hisabati kuna ramani za bahari za karatasi na za kielektroniki, rada, hali ya hewa, na majedwali ya kujaa na kupwa, jambo la lazima katika pwani ambayo maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kupima jua na nyota bado kumo katika mtaala ingawa setilaiti zimeenea, kwa sababu mawimbi ya setilaiti yanaweza kuzuiwa au kupotoshwa. Kuna pia kanuni za kuzuia kugongana baharini za mwaka 1972, ambazo mwanafunzi hutakiwa kuzijua kwa moyo. Mfano ni taa: kila taa ya ubavuni huonekana ndani ya nyuzi 112.5, ya mlingotini nyuzi 225, ya nyuma nyuzi 135. Taa mbili za ubavuni pamoja ni 225, sawa na ya mlingotini. Ongeza 135 ya nyuma na duara limekamilika bila pengo. Aliyezoea jahazi husema goshini na demani, pande ambazo hubadilika tanga linapogeuzwa. Melini kushoto hubaki kushoto, upepo utoke utokako.

Wanafunzi wa uhandisi hutumia muda mwingi karakanani wakichomelea, wakichonga vyuma na kufungua injini na pampu. Husoma injini kubwa za dizeli, umeme, mitambo ya baridi, mifumo ya udhibiti, na namna ya kutenganisha mafuta na maji ya ngama ili yasimwagwe baharini.

Somo la uthabiti wa meli huwahusu wote, na katika Afrika ya Mashariki lina uzito wake wa pekee. Meli husimama wima kwa sababu inapolala upande, nguvu ya maji inayoielea husogea upande huohuo na kuirudisha. Ili hilo lifanyike, kitovu cha uzito wa meli kiwe chini ya kiwango fulani. Mizigo na watu wakijazwa juu, kitovu hupanda. Tangi likiwa nusu, maji yaliyomo hukimbilia upande ulioinama na kuongeza mwinamo. Watu wakihama wote kwenda upande mmoja, hufanya kazi ileile ya maji ya tangi. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu. MV Spice Islander I ilizama kati ya Unguja na Pemba tarehe 10 Septemba 2011 ikiwa imebeba watu kupita kiasi. MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, wakafa watu 228. Katika ajali zote tatu kujaza kupita uwezo kulitajwa. Ofisa anayejua hesabu ya uthabiti lakini hana ubavu wa kukataa kung'oa nanga abiria wakizidi, elimu yake haijamfaa kitu. Ndiyo maana vyuo hufundisha pia sheria na mamlaka ya nahodha, ambaye kisheria ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu usalama wa chombo.

Muda wa baharini

Baada ya darasa mwanafunzi huwa kadeti. Kwa mujibu wa STCW, anayetaka cheti cha ofisa wa zamu katika meli ya tani 500 au zaidi kwa ujazo lazima awe na umri usiopungua miaka 18 na awe amehudumu baharini angalau miezi 12 ndani ya programu iliyoidhinishwa, pamoja na daftari la mafunzo lililosainiwa na maofisa wa meli. Katika miezi hiyo, angalau 6 awe ameshika zamu katika chumba cha usukani chini ya usimamizi. Asiye na programu iliyoidhinishwa hudaiwa miezi 36. Kwa upande wa injini, miezi 12 huhesabiwa kwa kujumlisha karakana na bahari, na miezi 6 ya zamu katika chumba cha injini ni lazima.

Kadeti hupangiwa zamu kama wengine. Utaratibu wa kawaida ni saa 4 kazini na saa 8 nje: kuna zamu ya saa sita hadi saa kumi, ya saa kumi hadi saa mbili, na ya saa mbili hadi saa sita, mchana na usiku. Sheria inataka kila mmoja apate mapumziko yasiyopungua saa 10 katika saa 24, na saa 77 katika siku 7. Kadeti pia hukwangua kutu, hupaka rangi, husafisha matangi na kuchora mabomba ya meli yote katika daftari lake. Anayedhani ofisa hafanyi kazi ya mikono hushangaa wiki ya kwanza.

Ugumu ni kuipata meli. Nchi yenye kampuni kubwa za meli huwapeleka makadeti wake kwenye meli zake. Nchi nyingine hutumia meli ya mafunzo. Chuo cha New York hupewa meli na serikali kuu ya Marekani. Ya sasa, Empire State VII, ilikabidhiwa mwaka 2023, ina urefu wa mita 160 hivi na inabeba makadeti 600. Chuo cha nchi za Kiarabu kilichopo Aleksandria, Misri, kina meli yake Aida IV. Afrika Kusini iliichukua meli ya zamani ya utafiti wa Antaktika, SA Agulhas, na kuifanya meli ya makadeti kuanzia 2012. DMI na BMA hutegemea makubaliano na kampuni za nje, meli za abiria za pwani na vyombo vya bandari, na nafasi hizo hazilingani na idadi ya wanaohitimu. Tena si kila chombo kinahesabika: miezi ndani ya boti ndogo iliyo chini ya tani 500 haimpi mtu cheti cha meli kubwa.

Matokeo yake ni kuwepo kwa vijana wenye stashahada au shahada ya ubaharia wasio na cheti cha umahiri. Wengine husubiri miaka, na wengine huacha na kuingia kazi za bandarini au za forodha. Kuongeza madarasa bila kuongeza nafasi za melini ni kuongeza foleni tu, na kwa hesabu ya kawaida meli moja ya mafunzo inayomilikiwa kwa pamoja na nchi za ukanda huu ingefaa kuliko majengo mapya.

Mahali penye foleni hapakosi walaghai. Watu hujitangaza kuwa mawakala na kudai fedha ili wampatie kijana meli. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia 2014 na Tanzania 2019, unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Baharia anaweza kulipia cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Gharama ya viza ni ya mwenye meli. Anayedaiwa fedha ya nafasi anatakiwa kwanza kuuliza mamlaka ya nchi yake kama wakala huyo amesajiliwa.

Baada ya cheti

Ofisa mpya huanza kama ofisa wa tatu au injinia wa nne. Baada ya miezi 12 ya kazi anaweza kufanya mtihani wa ofisa mkuu, na kwa unahodha wa meli kubwa hutakiwa miezi 36, inayoweza kupunguzwa hadi 24 kama 12 kati yake alikuwa ofisa mkuu. Cheti huhuishwa kila miaka 5, na mwenye nacho lazima aonyeshe kuwa hakukaa nchi kavu muda wote. Waliochoka na bahari hugeuka marubani wa bandari, wakaguzi wa meli au walimu wa vyuo vilevile. Wengine huendelea na shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Bahari Duniani huko Malmö, Uswidi, kilichoanzishwa na IMO mwaka 1983.

Wanawake bado ni wachache mno. Ripoti ya kimataifa ya mwaka 2021 ilikadiria mabaharia milioni 1.89 duniani, na wanawake walikuwa asilimia 1.28 tu. Nchini Kenya, Elizabeth Marami alifahamika kama rubani wa kwanza wa meli mwanamke katika nchi hiyo. Vyuo vya Dar es Salaam na Mombasa hupokea wasichana katika kozi zote, ingawa kwao foleni ya kupata meli huwa ndefu zaidi, kwa kuwa zipo kampuni zinazodai kutokuwa na vyumba vya kuwalaza.